Leseni ya Kompyuta ya Sifa

Nainokanoka, Ngorongoro
6 Julai 2024

Sifa amepata ofisi, Naftali. Ofisi yake mwenyewe, Karatu mjini, karibu na stendi, na jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa rangi. Nimeona nikianza na salamu nitapasuka.

Haya, sasa sopa, mdogo wangu. Huku sisi wazima. Kifua cha Baba Sifa kimemwachia, ila bado anakikohoza akitaka chai ya pili. Nyasi zipo. Baridi ya mwezi huu unaijua, asubuhi maji ya kwenye ndoo yanaota ngozi ya barafu. Wifi na watoto hawajambo huko Morogoro kwenye joto? Nimekupigia simu mara tatu, imeita mpaka imechoka. Sawa, ulishasema tuandikiane, na mimi ujumbe wa simu siuwezi, mambo makubwa hayaandikwi kwa kidole gumba. Barua hii anaileta Leonce, yule dereva anayepeleka vitunguu vya Mang'ola Dar na kupita kwenu. Ikinuka vitunguu, usishangae.

Basi mtoto wetu amemaliza chuo, amekuwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na moja. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu wao, huyo mimi simhesabu. Mimi niliyeishia darasa la saba sasa nakaa kwenye kiti cha ofisini na watu wananiita mama mwenye ofisi. Sifa anachapa barua, anajaza fomu za watu, anatengeneza ratiba za safari za wageni. Tumeuza madume mawili, tumenunua kompyuta ya mtumba Arusha.

Hapo ndipo nakuhitaji. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa Windows, ndicho kinachoiamsha na kuiongoza, bila hicho ni sanduku tu. Kitu hicho kinataka leseni, na yetu haina. Yenyewe inajitangaza, maandishi ya kijivu chini pembeni ya kioo, kila mteja anayasoma. Kuna mama mmoja, Bi Chausiku, msimamizi wa kambi ya wageni kule Engaresero. Alikuja kumpa Sifa kazi ya mwaka mzima, kuchapa fomu na orodha zote za kambi. Akaona yale maandishi. Akasema kwa upole kwamba pasipoti za wageni wake haziwezi kuingia kwenye mashine isiyo na leseni, ni rahisi kuingiliwa na wezi. Akatupa mpaka tarehe 23 Novemba. Siku hiyo atakuja kuangalia leseni na risiti. Bila hivyo kazi anampa mtu mwingine, na bila kazi hiyo, Naftali, kodi ya ile ofisi hatuiwezi.

Duka la Karatu wanataka laki nne na nusu. Nikawaambia laki moja. Yule muuzaji akatabasamu. Nikaondoka polepole kama inavyotakiwa, na hakuniita nirudi. Umewahi kuona muuzaji asiyekuita urudi? Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia mnadani na fedha ya beberu ukitoka na dume. Nitafutie huko bei nzuri.

Dada yako,
Soila


Nainokanoka
14 Agosti 2024

Ndugu yangu Naftali,

Sopa. Majibu yako sijayaona bado, nadhani Leonce amekwama na vitunguu vyake mahali. Wote tuko salama. Mbwa wetu mkubwa amekufa, uzee tu.

Usihangaike tena na leseni. Nimeipata mwenyewe, mnadani Karatu, kwa shilingi elfu ishirini na tano.

Soma tena, sikukosea. Kuna mtu anakaa pale na mwavuli wake, anawawekea watu nyimbo kwenye simu, na leseni anazo. Ni namba ndefu, anaiandika kwenye kipande cha karatasi. Alianza na elfu themanini. Nikamwuliza kama anamwuzia mtalii. Nikamtajia ishirini, akashika kichwa, nikageuka kuangalia mbuzi, akaniita. Huyu aliniita. Lakini sikumlipa hapo. Nilimwambia ng'ombe hanunuliwi amelala, lazima nimwone anatembea. Nikampeleka mpaka ofisini, akaiingiza namba kwenye mashine, yale maandishi ya kijivu yakafutika mbele ya macho yangu. Sifa alitaka kuniambia jambo, nikamwambia ngoja mama amalize biashara. Ndipo nikalipa.

Nimewaambia wenzangu wote wa kwaya. Mama mchungaji anataka nimnunulie na yeye.

Soila


Morogoro
16 Agosti 2024

Dada Soila,

Epa, nimeitikia. Barua yako ya Julai nimeipata juzi tu, lori la Leonce liliharibika Dodoma likakaa wiki tatu. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu, mtoto mdogo ameanza kutembea na anaangusha kila kitu. Mashine ya kusaga bado ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Habari ya Sifa nimeisoma mara nyingi. Nimemsomea kila mtu hapa uani. Mwambie mjomba wake anajiona mrefu wiki hii.

Kuhusu leseni, nimemwuliza Piusi, anasoma mambo ya kompyuta na amepanga chumba jirani na sisi. Ameniandikia karatasi nzima. Neno kubwa ni hili: usinunue namba ya mtaani au mnadani hata ikiwa rahisi namna gani. Ningoje mimi.

Na simu, dada, usinipigie. Niandikie.

Naftali


Morogoro
9 Septemba 2024

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Ya kwako ya Agosti imefika jana.

Sitaki kukuharibia furaha. Nilicheka pale ulipogeuka kuangalia mbuzi, nilikuona kabisa. Lakini Piusi anasema namba za namna hiyo mara nyingi ni za shirika fulani, imenunuliwa moja, halafu mtu anaichukua na kuwauzia wengi. Inatembea kwa kila mmoja, mpaka wenyewe wanapogundua na kuifunga. Ng'ombe mmoja akiuzwa kwa watu wawili, mmoja atakuta zizi tupu siku hiyo hiyo. Namba wanaweza kuuziwa watu mia na kila mmoja akaiona zizini kwake.

Je, bado inatembea?

Naftali


Nainokanoka
3 Oktoba 2024

Mdogo wangu Naftali,

Sopa, sopa sana. Natumaini hamjambo wote na mtoto ameacha kuangusha vitu.

Huku habari ni nyingi. Punda wa jirani alizaa, mtoto ni mzuri, ana masikio kama yako ulipokuwa mdogo. Baba Sifa amenunua redio ya jua na haiwashi, anasema anaitunza. Mama mchungaji amejifungua mtoto wa kike wakampa jina Salha kwa sababu ya daktari aliyemzalisha. Mvua ndogo bado. Kwaya tulikwenda Oloipiri kuimba, tulipewa mbuzi wawili na sifa nyingi, na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo zote, wanasema sauti yangu inafika kabla ya gari. Nimeshona shanga nyingi mwaka huu, wageni wanazipenda za rangi ya chungwa sasa. Sijui kwa nini.

Nadhani nimekueleza yote.

Hapana. Uliuliza kitu. Haitembei. Ilitembea wiki tatu, halafu asubuhi moja maandishi yamerudi, na safari hii kioo chote nyuma ya maandishi kimekuwa cheusi. Yule mtu wa mwavuli hayupo tena mnadani. Sifa hakunisema hata neno. Nilimkuta ameigeuza meza ili kioo kitazame ukutani na wateja wasione, anawahudumia akiwa amejibana kati ya meza na ukuta, kisha anachungulia kutabasamu. Nilipouliza alichotaka kuniambia siku ile, akasema, "Mama, ulikuwa unafurahi."

Nimetangaza bei ile mpaka kanisani, Naftali. Sasa wanauliza, leseni inaendeleaje, nami nasema nzuri.

Tarehe ya Bi Chausiku haijabadilika. Tuna mbuzi wanne wa kuuza, na shanga. Kama kuna bei unayoiona huko, iandike.

Soila


Morogoro
5 Novemba 2024

Dada Soila,

Leonce anakuletea bahasha mbili. Hii ni yako. Ile iliyofungwa kwa gundi ni ya Sifa peke yake, ndani kuna kadi ya leseni na risiti yenye jina lake. Usiifungue hata kidogo.

Nilikwenda Dar kwa basi wiki iliyopita, kwenye duka ambalo Piusi alinionyesha kwamba linauza kihalali. Muuzaji anaitwa Bwana Sadiki, mtu wa makamo, mpole. Alinionyesha bei kwenye karatasi. Nikaandika nusu yake chini. Akaandika bei ile ile tena na kuipigia mstari. Nikaandika kwamba natoka kwenye familia ya wafugaji na kwetu bei haisimami mara ya kwanza. Akaandika kwamba hii siyo yake, inatoka mbali, yeye hawezi kuigusa. Nikaandika habari za Sifa, nafasi aliyoshika chuoni, ofisi, Bi Chausiku, na tarehe. Alisoma yote. Kisha akaandika swali ambalo kule Karatu hakuna aliyewauliza: kompyuta ni mpya au ya mtumba? Kumbe kuna leseni halali ya mashine za mtumba kama hiyo, na bei yake ni nyingine kabisa. Alikuwa nayo kabatini. Ukurasa ulikuwa umejaa, tukamalizia nyuma.

Bei ilikuwa nzuri. Siisemi. Mbuzi wako wabaki.

Naftali


Nainokanoka
24 Novemba 2024

Bi Chausiku amempa Sifa kazi. Jana, saa tano asubuhi.

Sopa, ndugu yangu, wote wazima, nitakusalimu vizuri zaidi chini. Alifika na gari, akavaa miwani, akasoma kompyuta yenyewe inavyojieleza, akasoma risiti, akaisoma tena. Akamwambia Sifa, "Hii ndiyo niliyotaka kuona." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha pembeni nimevaa shanga zangu zote. Nikamwambia Bi Chausiku kwamba imenunuliwa na mjomba wa Sifa. Akaniuliza, ni mtaalamu wa kompyuta? Nikasema ndiyo. Usinikatalie.

Sasa mambo mawili. La kwanza, bei. Sifa ameifungia ile risiti kwenye kabati, ufunguo kauvaa shingoni, anasema ameapa. Nimembembeleza kwa maziwa mgando na hakusema. Mimi ni dada yako mkubwa, nimekubeba mgongoni mpaka mto Munge na kurudi, na leo nanyimwa bei?

La pili limenikosesha raha tangu barua yako ifike. Kwa nini wewe na muuzaji mliandikiana? Wewe mwenye mdomo ule. Mnadani watu walikuwa wanaacha kuuza ili wakusikilize. Na Piusi naye anakuandikia karatasi, wakati mnaishi uani pamoja. Na simu huipokei. Na miaka sita hujakanyaga hapa, hata kwenye harusi ya Nelson, mtoto wa kaka yetu, hukuja. Watu wanasema mji umekupandisha, unaringa. Mimi huwa nawajibu vibaya. Leo nauliza mimi mwenyewe.

Tunataka kufungua ofisi rasmi kabla ya Krismasi, na unajua mtoto hawezi kufunguliwa kitu bila mjomba kumpa baraka. Nijibu haraka, Leonce anageuza Jumapili ijayo.

Soila


Morogoro
30 Novemba 2024

Dada,

Sisikii.

Ilianza kidogo kidogo, ni ile mashine ya kusaga. Sikio la kushoto kwanza. Sasa hata la kulia, nasikia tu kitu kama upepo. Hospitali wameniandikia kwamba yaliyokwenda hayarudi. Wifi yako tunaelewana kwa mikono, na watoto wananiandikia kwenye daftari.

Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani, miaka sita iliyopita, nilikuwa bado nasikia nusu. Wazee walisema jambo, nikadhani wanacheka, nami nikacheka. Nikaona wamenyamaza na kunitazama. Walikuwa wanaeleza msiba. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda kuchemsha maziwa. Toka siku ile nimeona afadhali niitwe mwenye maringo.

Dar nilikwenda kwa sababu pale dukani hakuna anayenijua, na karatasi haicheki. Kwetu siwezi. Nitakaa katikati ya watu wangu kama nguzo. Baraka nimemwandikia Sifa hapa ndani, msomeeni siku hiyo.

Na bei usiniulize tena. Kitu kilichotolewa kwetu hakina bei, wewe ndiye uliyenifundisha. Nikikutajia, nitakuwa nimekuuzia.

Nisamehe.
Naftali


Nainokanoka
5 Desemba 2024

Pakiteng,

Ndiyo, sikuiti Naftali tena. Juzi nimeingia zizini na Baba Sifa, nimekutolea ng'ombe, yule mwekundu mwenye tumbo jeupe, ana mimba. Aliyetoa ng'ombe na aliyepewa wanaitana Pakiteng mpaka wafe, na hakuna anayeuliza ng'ombe ni shilingi ngapi. Hivyo tumenyamazishana kuhusu bei, wewe na mimi. Baba Sifa alishika kichwa kidogo, akakubali.

Sopa, Pakiteng. Mvua imeanza.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, kisha nikaenda kuisoma tena nyuma ya nyumba. Nimekasirika sana. Siyo kwa masikio. Nimekasirika kwa ile siku ya wazee, kwamba nilikuwa hatua thelathini kutoka kwako nachemsha maziwa na sikujua. Ningekuja nikacheka na mimi, kwa sauti yangu hii, na wangetutazama wote wawili. Na miaka yote hii nimekuwa nikikupigia simu na kukulaumu wakati inaita tu mfukoni mwako. Wewe nisamehe mimi.

Baraka yako ya karatasi nakurudishia ndani ya bahasha hii. Haisomwi na mtu. Utaitoa kwa mdomo wako, mdomo haujaharibika.

Nilikwenda Karatu kumwambia Sifa. Hakulia, aliitazama ile kompyuta. Kisha akasema, "Mjomba atakaa pembeni yangu. Kila neno litakalosemwa nitaliandika hapa akiliona." Akakuza herufi zikawa kubwa kama kucha za mtu mzima. Akaniambia nizibe masikio tujaribu. Nikajiziba kwa pamba, na juu yake nikafunga shuka kichwani. Baba Sifa akasimama kuhutubia, unamjua akianza. Sifa akawa anaandika huku anamtazama baba yake, hatazami hata vidole, na mimi nikasoma. Nimesoma yote, Pakiteng. Akikohoa, Sifa anaandika kwamba amekohoa. Alipochanganya Kimaasai, akaandika Kimaasai. Ni mara ya kwanza katika ndoa hii nimemfuata Baba Sifa mpaka mwisho, na kumbe alikuwa ananisifu.

Ile mashine umeinunulia leseni wewe. Ikianza kazi yake ya kwanza ya heshima bila wewe kukaa mbele yake, mimi naizima.

Wazee nimewaeleza mwenyewe, mmoja mmoja. Yule aliyekukazia macho kuliko wote siku ile akaniuliza kama Sifa anaweza kumwandikia maneno ya kukuomba radhi, au ayaseme tu siku hiyo na Sifa ayaandike papo hapo. Nikamwambia aseme, mtoto anaandika upesi kuliko yeye anavyofikiri.

Leonce anashusha vitunguu Dar na kurudi bila mzigo. Atakupitia Alhamisi tarehe 19, wewe na wifi na watoto, mbele kuna nafasi, nimeshamlipa kwa samli na amekubali. Piusi naye aje, namwekea mguu wa mbuzi. Bi Chausiku amesema atafika, kwaya yote itafika, mama mchungaji na kitoto chake, na Nelson na mkewe ambaye hujamwona. Ofisi inafunguliwa, na mjomba ndiye anayefungua mlango. Jumamosi, tarehe 21 Desemba, saa nne asubuhi.